Mwenda wa Bayeke na gitaa lake pekee

Jioni moja muhula uliopita, baada ya kengele ya michezo kulia, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinifuata chini ya mkaratusi ulio nyuma ya madarasa yetu hapa Sugoi. Alikuja na ombi geni. Alitaka nisikilize albamu ya mpiga gitaa mmoja wa roki wa ng'ambo ambaye, baada ya miaka mingi ya kupiga na wenzake, aliiaga bendi, akajifungia studioni, akatoka humo na kazi iliyobeba jina lake pekee. Kijana hakuvutiwa sana na ngurumo za gitaa la umeme. Kilichomshika moyo ni ule ujasiri wa mtu kuingia chumbani bila mwenzake wa kumfichia makosa. Kisha akaniuliza swali ambalo nililala nalo usiku kucha: je, yupo Mwafrika wa pande zetu hizi, aimbaye kwa lugha ambayo nyanya yake anaielewa, aliyewahi kufanya jambo kama hilo?

Nilimjibu kwamba yupo, na kwamba jina lake ni Mwenda Jean Bosco. Hakuwa amelisikia. Kesho yake nilitaja jina hilo katika chumba cha walimu, na kati ya walimu saba tuliokuwamo, mmoja tu, naye amebakiza miezi michache astaafu, ndiye aliyeinua uso kutoka kwenye madaftari na kutabasamu. Hao wengine waliendelea kusahihisha. Nimeona basi, msomaji, leo niyaache yale mambo ya mitaala na mitihani, nikusimulie maisha ya mtu huyu na namna albamu yake ilivyopatikana.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 katika jimbo la Katanga, enzi ya Kongo ya Wabelgiji. Watu wake ni Wayeke, na ndiyo sababu alipenda kujiita Mwenda wa Bayeke. Mwalimu wa historia hatakosa kuwakumbuka. Wayeke walitoka Usumbwa na Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, wakifuata shaba na pembe za ndovu katika karne ya 19. Kiongozi wao, Msiri, alijenga makao yake Bunkeya, na biashara yake ikafika Bahari ya Hindi kwa upande mmoja na Atlantiki kwa upande wa pili. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na ofisa wa msafara uliotumwa kumtwalia Mfalme Leopold nchi hiyo. Jina la Mwenda lilikuwa la Msiri mwenyewe, nao watawala kadhaa waliomfuata walilirithi. Kwa hiyo mpiga gitaa wetu alibeba jina zito kabla hajabeba gitaa.

Mintarafu ya lugha, Kiswahili kilikwisha kufika Katanga na misafara hiyo, kisha kikashika mizizi katika kambi za migodi ya shaba ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Watu wa makabila mengi waliajiriwa humo, nao wakahitaji lugha moja ya kuombana chumvi na kugombania zamu. Ni Kiswahili ambacho mwalimu wa sarufi angekipigia mistari myekundu ukurasa mzima. Iko hutumika pale ambapo sisi tungesema yupo, lipo ama kipo, na upatanisho wa ngeli umepunguzwa makali. Mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa kalamu nyekundu kwa miaka mingi. Hata hivyo nakiri kwamba niliposikiliza nyimbo za Mwenda kwa makini, kalamu hiyo niliiweka mezani. Tazama majina ya nyimbo zake tu: Watoto Wawili, Tambala Moja, Bibi Theresa, Kuimba ni Mawazo. Hilo la mwisho lingetosha kuwa mada ya insha katika kidato chochote.

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, kijana huyu wa miaka 22 alikutana na Hugh Tracey. Tracey alikuwa Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, na kazi aliyoifanya kuwa maisha yake ilikuwa kuzunguka na mashine za kunasa sauti, akikusanya muziki wa Waafrika kutoka Kongo hadi Afrika Kusini. Alipita hata huku kwetu. Mwaka 1950 aliwarekodi Wakipsigis, majirani zetu wa upande wa Kericho. Hakuwa na studio. Jenereta iliwekwa mbali ili mngurumo wake usisikike, waya mrefu ukavutwa mpaka kwenye kivuli walipokaa wanamuziki, naye Tracey akasimama mbele yao na maikrofoni mkononi, akiisogeza huku na huku kufuata sauti aliyoitaka. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, na katika safari ya namna hiyo ndipo Masanga ilipopatikana.

Masanga ni wimbo wa gitaa moja na sauti moja. Ulitolewa katika santuri ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ile sahani nyeusi iliyozunguka mara 78 kwa dakika na kuvunjika kama sahani ya udongo ikianguka. Upande mmoja wa sahani hiyo haukuweza kubeba zaidi ya dakika tatu hivi. Mtu aliyezoea kupiga wimbo mmoja usiku mzima, akiurefusha kadiri wachezaji walivyochangamka, alitakiwa kuukata kama fundi nguo anayekata suti kwa kitambaa cha kaptura. Wimbo huo ulipata tuzo ya Osborn ya mwaka 1952, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika uliorekodiwa. Santuri ikasafiri. Ikafika Rhodesia, Nyasaland, Tanganyika na Kenya, na popote ilipofika vijana walianza kuinamisha masikio kwenye gramafoni na kujiuliza huyu mtu ana mikono mingapi.

Hapa sharti nitulie kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na cha shahada. Gumba lilizishughulikia nyuzi nene, likitembea kwa mwendo usiokatika kama mtu anayepanda kilima akijua umbali uliobaki. Kidole cha shahada kilicheza katika nyuzi nyembamba, na sauti yake aghalabu haikuangukia pale gumba lilipoangukia. Iliangukia katikati, ama mbele kidogo, ama nyuma. Kwa hiyo msikilizaji husikia mapigo mawili kwa wakati mmoja, moja la kugawanya kwa mbili na jingine la kugawanya kwa tatu, na sikio lake halipati nafasi ya kuamua ni lipi la kufuata. Juu ya hayo mwimbaji akaimba, tena wimbo wenye mwendo wake wa tatu. Wanafunzi wa hisabati wajaribu jambo hili: mkono wa kushoto upige meza mara mbili katika muda uleule ambao wa kulia unapiga mara tatu. Wakishafaulu, waanze kuimba. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, aliandika mwaka 1961 na 1962 makala ndefu za kuuchambua upigaji huu noti baada ya noti, na alichokionyesha ni kwamba Mwenda hakuurudia wimbo kama ulivyo hata mara moja. Kila mzunguko uliongezewa ama kupunguziwa kitu. Alikuwa akitunga huku akipiga.

Nasisitiza hili kwa sababu pale shuleni nilikofundisha mwanzoni mwa kazi yangu, gitaa lilikuwa marufuku. Lilihesabiwa kuwa chombo cha walevi na wavivu. Kinanda kiliruhusiwa kwa kuwa kilikuwa cha kanisani. Sijui ni mwanafunzi gani mvivu angeweza kuyafanya niliyoyaeleza hapo juu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikuja Nairobi. Aliletwa na biashara: sauti yake ilitumiwa kuitangaza Aspro, vile vidonge vya kuumwa kichwa, na akawa na kipindi cha kawaida katika redio. Binamu yake, Edouard Masengo, naye alikuja Nairobi na gitaa lake. Kwa muda huo mfupi wageni hawa wawili kutoka Katanga waliufundisha mji mzima pasipo kufungua darasa. Wapigaji wa Kenya wa kizazi hicho, hasa wa magharibi ya nchi, walikuwa wakipiga kwa mtindo wao wa vidole na kuweka mdundo kwa kukwaruza chupa ya soda, na kufika kwa Mwenda kuliwazidishia moto. Ukilisikiliza gitaa kavu la Kenya la miaka ya 1960, utasikia gumba la Jadotville likitembea chini yake.

Nina ushahidi wa nyumbani. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa kijana wa jikoni katika nyumba ya mlowezi mmoja upande wa Turbo. Mlowezi alipohamia Nairobi alimchukua, na huko jikoni kulikuwa na redio. Mjomba alirudi Sugoi mwaka 1961 na vitu vitatu: blanketi la kijeshi, viatu vilivyomzidi, na gitaa lenye ufa ambalo alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Hakuwahi kumwona Mwenda kwa macho. Alijifunza huku akimenya viazi, kwa masikio, na kisha akavitafuta vidole vyake usiku. Mahindi yakishavunwa na kuhifadhiwa, watu waliketi nje ya nyumba yake, na wazee waliozoea kinubi cha Kinandi walilalamika mwanzoni kwamba chombo hiki kina nyuzi chache mno za huzuni. Baadaye wao ndio waliokuwa wakimtuma mtoto kwenda kumwita. Aliimba Kinandi kwa gumba la Katanga. Mimi nilikuwa mtoto aliyetumwa.

Tumrudie Mwenda. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku kumi na moja baadaye Katanga ilijitenga chini ya Moise Tshombe. Vita na majeshi ya kigeni vilifuata mpaka Januari 1963. Katika miaka hiyo muziki wa Kongo uliojulikana duniani ukawa ule wa Leopoldville, Kinshasa ya leo: bendi kubwa, magitaa matatu ya umeme, tarumbeta, na Kilingala. Nami naupenda kama mtu mwingine yeyote. Lakini ulifunika kila kitu. Mtu wa Katanga aliyekaa peke yake na gitaa kavu akiimba Kiswahili alianza kuonekana kama mtu aliyesahau kuja na wenzake. Jimbo lake likabadilishwa jina likawa Shaba, nchi ikawa Zaire, naye akaendelea na shughuli zake za kujipatia riziki.

Mwaka 1969 alialikwa Marekani katika tamasha la muziki wa kiasili la Newport, jimbo la Rhode Island. Ilikuwa Julai. Mwezi uliofuata, katika jimbo la New York, Jimi Hendrix alisimama mbele ya umati wa Woodstock na gitaa lake la umeme, na picha ya asubuhi ile imebandikwa hata katika mabweni ya Sugoi. Picha ya Mwenda akiwa Newport sijaiona ukutani popote. Sisemi hivi kwa wivu. Nasema tu kwamba katika majira yaleyale ya joto Wamarekani walipata nafasi ya kuwasikia wote wawili, na kwamba yule wa kwetu alikuwa amebeba chombo kisichohitaji umeme.

Miaka kumi baadaye, 1979, mpiga gitaa Mwingereza aitwaye John Low alifunga safari mpaka Shaba kumtafuta, akajifunza kwake, na mwaka 1982 akachapisha kumbukumbu za safari hiyo. Mwaka huohuo wa 1982 Mwenda alipiga Ulaya. Wageni walikuwa wameanza kukumbuka. Hata hivyo, kilichokuwa mikononi mwa watu, kwa sehemu kubwa, zilikuwa zile sahani za dakika tatu za ujana wake, zenye mikwaruzo, ambazo gumba husikika kama mtu anayetembea chumba cha pili.

Basi mwaka 1988, akiwa na miaka 58, Mwenda alikwenda Cape Town, Afrika Kusini, akaingia studioni na gitaa lake.

Lazima tuseme kwanza ulikuwa mwaka gani. Mandela alikuwa bado kifungoni. Sheria ya kuwagawia watu maeneo ya kuishi kwa rangi zao ilikuwa bado inatumika, na haikufutwa hadi 1991. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wa dunia waisusie nchi hiyo. Paul Simon, Mmarekani, alikuwa ametoka tu kushambuliwa vikali kwa kurekodi Johannesburg mwaka 1985 sehemu ya albamu yake Graceland. Mwalimu mwenzangu, yule aliyetabasamu, anashikilia kwamba Mwenda hakupaswa kwenda. Tumebishana juu ya jambo hili mara mbili, na mara ya pili chai ilipoa. Hoja yake ina uzito, nami siwezi kuipuuza: susio lenye mlango wa nyuma si susio.

Hata hivyo natazama upande wa pili. Studio za Zaire zilikuwa zaidi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi, na soko lake lilitaka bendi na Kilingala. Tangu mwanzo, sauti ya Mwenda ilikuwa imepitia kusini: Tracey alitoka huko, na santuri ya Masanga ilichapwa na kampuni ya huko. Mtu wa miaka 58 anayetaka kuzirekodi upya nyimbo zake kabla vidole havijakakamaa hana miongo miwili ya kungoja. Simtakasi. Ningekuwa yeye, pengine ningekwenda, na pengine ningeona haya. Wanafunzi wanaofanya mjadala siku ya Ijumaa wanaweza kulichukua suala hili na kulipigia kura. Mimi kura yangu bado iko mfukoni.

Sasa albamu yenyewe. Anayeisikiliza baada ya kuzizoea sahani za 1952 hushtuka kwanza kwa ukaribu. Studio ni chumba kilichofunikwa kuta ili sauti isirudi. Hakuna kuku, hakuna mtoto, hakuna upepo juu ya paa la bati. Maikrofoni haishikwi na mtu mwenye haraka ya kwenda kijiji kinachofuata. Imesimamishwa mbele ya gitaa, mtu akikosea anaanza upya, na hakuna sahani inayomhimiza amalize kabla ya dakika ya tatu. Kwa mara ya kwanza gumba linasikika kama lilivyo. Kila uzi mnene una mwanzo na mwisho wake. Kidole cha shahada kinaposogea kutoka uzi hadi uzi husikia hata ngozi ikiachana na chuma. Sauti ya mwimbaji nayo imezama. Kijana wa 1952 aliimba kama mtu anayeita rafiki ng'ambo ya barabara. Mzee wa 1988 anaimba kama mtu ambaye rafiki huyo amekaa naye meza moja.

Jambo ambalo wachache wanalifikiria ni ugumu wa kazi hiyo. Mpiga gitaa wa roki wa mwanafunzi wangu alipoingia studioni peke yake, alikuwa na mashine za kumwezesha kupiga ngoma leo, besi kesho, na kuweka gitaa juu ya gitaa hadi akaonekana ni watu kumi. Upweke wake ni wa kujizidisha. Upweke wa Mwenda ni wa namna nyingine: muziki wake uliumbwa tangu mwanzo uwe kamili kwa mtu mmoja, besi katika gumba, wimbo katika kidole, maneno mdomoni. Chumba kilichonyamazishwa hakimwongezei mtu kama huyo chochote; kinamwondolea pa kujificha. Na mshindani wake mle ndani alikuwa mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe akiwa na miaka 22. Nyimbo za zamani alizipiga tena mbele ya watu waliozijua kutoka kwenye sahani, na kila mmoja wao alikuwa ameshaamua zilivyopaswa kuwa.

Wapo wanaosema sahani za zamani ndizo Mwenda wa kweli, na kwamba albamu ya studio ni kivuli safi cha mtu huyo. Sikubaliani nao. Tukiwafuata, tunamhukumu msanii abaki kijana milele kwa ajili ya starehe ya masikio yetu. Rycroft alikwisha kutuonyesha kwamba mtu huyu hakuurudia wimbo wake hata katika dakika tatu. Vipi tumtake aurudie baada ya miaka 36? Zile sahani zimetuhifadhia namna alivyofikiri jioni fulani huko Jadotville, na albamu imehifadhi alivyofikiri baada ya vita, mabadiliko ya majina ya nchi, na miaka ya kusahauliwa. Ninazihitaji zote mbili.

Hakuishi kuyaona matunda yake. Septemba 1990 Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na umri wa miaka 60. Mwaka 1994 kampuni ya Rounder ya Marekani iliitoa kazi ile ya Cape Town ulimwenguni kwa jina la Kiingereza, African Guitar Legend, ikiongeza katika jina hilo kwamba hii ndiyo albamu ya studio. Nyongeza hiyo imenifikirisha. Mpiga gitaa wa roki hahitaji kuelezwa kwamba albamu yake ni ya studio. Ingekuwa wapi tena? Kwa Mwenda ilikuwa habari. Ilimchukua miaka 36 tangu Tracey amnase kivulini mpaka dunia ipate albamu inayoweza kuitwa hivyo, na miaka sita zaidi mpaka iwafikie wanunuzi wa Marekani, na yeye alikuwa tayari kaburini kwa minne kati ya hiyo.

Nimesema mjomba alipiga Kinandi kwa gumba la Katanga. Mwaka 1989, nikiwa mwalimu mwenye mshahara na redio ya kaseti, hatimaye nilifanya nilichokuwa nikimwahidi kila Krismasi. Nilinunua betri sita na kanda mpya ya dakika 60, nikaketi naye nje ya nyumba yake alasiri nzima. Alipiga upande wote wa kwanza. Mbwa alibweka, lori lilipanda kuelekea Turbo, na mke wake alipita mara mbili kumkumbusha kwamba ng'ombe hawajakamuliwa. Nilikuwa na furaha, nikaiandika kanda hiyo tarehe kwa kalamu ya risasi, nikaiweka katika kabati la shule.

Mwaka 1993 nilikuwa natayarisha kipindi cha fasihi simulizi kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Nilitaka wasikie somo langu hata nikiwa mbali, nikachukua kanda ya kwanza iliyonijia mkononi. Maandishi ya kalamu ya risasi yalikuwa yamefutika. Nikazungumza kwa takriban dakika 29 juu ya njia za kuhifadhi kazi za wazee wetu zisipotee. Niligundua nilichokifanya baada ya miaka minne, siku chache baada ya kumzika mjomba, watoto wake waliponiomba ile kanda waipige matangani. Niliwaambia imeharibika. Hawa ndio wasomaji wa kwanza kuambiwa ukweli, na huenda mmoja wao akalisoma gazeti hili.

Somo langu lilikuwa fupi kuliko upande wa kanda. Kwa hiyo, baada ya sauti yangu kumaliza na kubofya kitufe, zimesalia kama sekunde arobaini za mjomba. Anamalizia wimbo ambao mwanzo wake sina tena. Gumba linatembea, kidole kinaangukia katikati, mbwa anabweka, kisha kanda inakatika.

Ijumaa iliyopita nilimpigia mwanafunzi wangu vyote viwili, albamu ya Cape Town kwanza, halafu sekunde zile arobaini. Aliomba nizirudie zile za pili. Nilizirudia mara tano. Mara ya sita alikuwa ameuweka mkono wa kulia juu ya goti lake, gumba na kidole cha shahada, akitafuta ni kipi kinatangulia.